Blanketi la Stempu

Kila kinachoingia katika nyumba ya Mama Pasi hupita kwanza kwenye beseni. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba. Pazia jipya, beseni. Begi la shule, beseni. Siku moja fundi bomba alisahau kofia yake juu ya kiti. Alipoirudia kesho yake aliikuta imefuliwa, imetiwa wanga na kupigwa pasi mpaka ikakataa kuingia kichwani.

Mama Pasi ni dobi. Anafua uani na kupiga pasi chumba cha mbele. Watu wa mitaa mitatu humletea nguo, na wote wanasema jambo moja: nguo ikitoka kwa Mama Pasi inanukia maji na jua tu. Sifa hiyo anaipenda sana.

Anaishi na baba yake mzazi, binti yake wa darasa la sita, na paka wawili. Paka mkubwa ni mnene na anaitwa Mwajiri, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na nyumba nzima inamtumikia. Alilelewa na marehemu bibi, mke wa mzee. Paka mdogo anaitwa Kiroboto. Jina hilo alilitoa binti ili kumkera mama yake, na alifaulu.

Mzee alipeleka barua kwa miguu miaka thelathini na moja. Mpaka leo watu wanamwita Mzee Barua. Alipostaafu, kila jioni alitembea na mke wake mpaka kona ya barabara, kisha wakarudi polepole wakibishana. Mke wake alifariki miezi kumi na moja iliyopita. Tangu siku hiyo mzee alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Magoti yakakakamaa na miguu ikaanza kuvimba.

Daktari hakumficha. "Mzee, usipotembea kila siku, mwakani hutaweza kutoka kitandani bila kushikwa mkono."

"Nitembee na nani?" mzee akauliza.

Mama Pasi alikuwa na kazi zake, na binti alikuwa na shule. Lakini wiki moja baadaye, wakiwa mezani, mzee aliweka kijiko chini.

"Nataka mbwa," alisema.

Binti alicheka mpaka maji yakampalia. "Babu! Wewe? Si mbwa ndio waliokukimbiza miaka thelathini na moja?"

"Ndiyo maana. Wamenikimbiza vya kutosha. Sasa nataka mmoja tuelekee naye upande mmoja."

Mama Pasi hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinua kichwa, na macho yake yalikuwa na hamu ya kitu. Mama Pasi hakuwa ameona hamu hiyo kwa miezi kumi na moja.

"Tutamtafuta, Baba," alisema.

Kituo cha wanyama kilikuwa nyuma ya ghala la mbao. Hapo waliletwa mbwa na paka waliotupwa au kupotea. Walipokewa na mwanamke mchangamfu mwenye rundo la funguo kiunoni. Kwa sababu hiyo watu wote walimwita Dada Funguo. Aliwapitisha banda baada ya banda. Kwenye banda la mwisho alisimama mbwa wa rangi ya kahawia, si mkubwa si mdogo. Katikati ya paji la uso alikuwa na doa jeupe la mraba, lililokaa upande kidogo.

Mzee alimtazama kwa muda. "Huyu amebandikwa stempu," alisema. "Na aliyembandika alikuwa na haraka."

Stempu akatikisa mkia. Jina likashika hapo hapo.

"Nyumbani kuna paka?" Dada Funguo aliuliza.

"Wawili," alisema Mama Pasi.

Dada Funguo alishusha pumzi. "Basi nisikilizeni. Mbwa huyu hana ukali. Amechanjwa, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ila amerudishwa hapa mara mbili, na nyumba zote mbili zilikuwa na paka. Walimfungulia siku ya kwanza, akawakimbiza paka, wakamrudisha. Akirudi mara ya tatu, sidhani kama atapata nyumba tena. Watu wakisoma kwenye daftari kwamba mbwa amerudishwa mara tatu, wanalifunga daftari."

"Kwetu harudi," alisema mzee.

"Nawapa siku kumi na nne za kumjaribu. Siku ya mwisho nitakuja na karatasi. Ama mnatia sahihi, ama naondoka naye." Dada Funguo aliingia bandani akatoka na blanketi la kijivu. "Hili amelilalia mwezi mzima. Lipelekeni leo, mliweke wanapolala paka. Yeye mwenyewe mje kumchukua Jumapili. Na mtengeeni chumba chake, msimchanganye na..."

Gari la chakula cha wanyama lilipiga honi getini. Dada Funguo akakimbia na funguo zake zikilia, na maneno yake hakuyamaliza.

Mama Pasi alilibeba blanketi kwa vidole viwili, mkono ukiwa mbali na mwili. Lilinuka mbwa, likanuka mvua, likanuka mbwa tena.

Sheria ya nyumba unaijua tayari. Blanketi lilipita kwenye beseni mara mbili. Lilianikwa, likapigwa pasi, likakunjwa kona kwa kona. Halafu Mama Pasi akaliweka kwenye kikapu cha paka, chini ya meza ya kupigia pasi. Mwajiri alinusa kidogo, akapanda juu yake, akalala.

"Mnaona?" alisema Mama Pasi. "Ameshamkubali mgeni."

Jumapili Stempu alifika. Yeye naye alipita kwenye beseni. Alitetemeka, masikio chini, lakini alisimama kimya mpaka sabuni ikaisha. Mama Pasi akamkausha kwa taulo.

"Sasa tuwakutanishe," alisema. "Hata watu wakiwa hawajuani, ukiwaweka chumba kimoja watasemezana tu."

Binti alimbeba Mwajiri mikononi. Mzee aliingia na Stempu, bila kamba. Stempu alimwona paka. Mwili wake ulikakamaa, akakaza macho mahali pamoja. Kisha akaruka.

Mwajiri alimparua binti mkono, akarukia meza ya pasi. Pasi ilikuwa imezimwa, kwa bahati nzuri. Mashati saba meupe ya mwalimu mkuu yalianguka sakafuni na Stempu akapita juu yake. Kiroboto akatoroka kupitia dirishani na kupanda paa.

"Stempu! Kaa!" mzee alipiga kelele.

Stempu angekaa, ila hakuna mtu aliyewahi kumfundisha neno hilo.

Waliishia kumfungia Stempu stoo. Kiroboto alishuka jioni, akiwa amevimbisha mkia. Mwajiri alijibanza juu ya kabati na hakushuka. Waliweka chakula chake chini, palepale pa siku zote, hakukigusa. Mama Pasi alisugua nyumba nzima kwa dawa ya sakafu ili kuondoa harufu ya ile vurugu. Alifua kikapu cha paka. Kesho yake akarudia, asubuhi na jioni. Alisugua milango, miguu ya meza na kuta. Lakini kadiri alivyosugua, ndivyo hali ilivyozidi kuwa mbaya. Siku ya tatu Mwajiri alimkoromea hata Kiroboto, mwenzake wa kila siku.

Asubuhi mbili hizo mzee alikuwa ametoka na Stempu kwa kamba. Siku ya kwanza walifika kwenye nguzo ya taa. Siku ya pili walifika kwenye duka la viatu, na mzee alirudi akihema na kutabasamu.

Siku ya tatu mchana Mama Pasi alisimama mbele ya kiti cha dirishani. "Baba, nisamehe. Paka wa mama hajala. Akifa sitajisamehe. Kesho nitamrudisha Stempu."

Aliinama, akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda mpaka vikagonga ukuta.

Binti aliisikia sauti hiyo. Aliweka vitabu chini, akatoka, akakimbia mpaka nyuma ya ghala la mbao.

Jioni hiyo Dada Funguo alifika naye. "Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba," alijibu mzee, bila kugeuka.

Dada Funguo alitazama juu ya kabati. "Huyu hajala tangu lini?"

"Tangu juzi," alisema Mama Pasi.

"Siku mbili ni nyingi kwa paka, hasa mnene. Anaweza kuugua ini. Mpelekeeni chakula na maji huko huko juu. Asipokula mpaka asubuhi, msisubiri, mpelekeni kwa daktari wa wanyama."

Binti alipanda kiti, akaweka sahani juu ya kabati, akaondoka. Walisubiri. Baada ya muda walisikia ulimi ukilamba sahani. Mama Pasi alifunga macho na kushukuru.

"Hapo juu anajiona yuko salama," alisema Dada Funguo. "Paka anahitaji mahali pa juu ambapo mbwa hafiki. Sasa, lile blanketi liko wapi?"

Mama Pasi alilileta kwa mikono miwili, limekunjwa vizuri kama siku ya kwanza. Dada Funguo alilipeleka puani. Akanusa upande mmoja, akanusa na wa pili.

"Mama, umelifua?"

"Mara mbili!" alisema Mama Pasi.

Dada Funguo alianza kucheka, lakini akaona uso wa mwenyeji wake akajizuia. Alikaa chini. "Mama yangu, kosa ni langu. Sikumaliza kueleza. Paka humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Nilitaka Mwajiri ainuse harufu ya Stempu siku kadhaa, akiwa ametulia, kabla hawajaonana. Blanketi hili lilikuwa barua ya utambulisho."

Pale dirishani mzee aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza. "Kumbe alifua barua," alisema. "Miaka thelathini na moja kazini, sijaona mtu aliyefua barua."

Binti alicheka. Mama Pasi hakuweza. "Mimi ni dobi," alisema. "Kwangu mimi harufu ni aibu. Ni dalili kwamba kazi haikufanyika."

"Kwa nguo za wateja, sawa kabisa," alisema Dada Funguo. "Lakini umemwona Mwajiri akisugua shavu kwenye mlango, au mguu wa meza? Anaacha harufu yake hapo. Ndivyo anavyojua kwamba hapa ni kwake. Sasa umepiga deki na kusugua kila kitu kwa dawa kali siku tatu. Kila asubuhi anaamka kwenye nyumba ya watu. Ndani yake kuna mbwa asiyemjua, na hata Kiroboto hanuki kama Kiroboto."

Halafu mzee akasema, taratibu, "Hata sweta la mama yako."

"Sweta gani, Baba?"

"La bluu. Siku ya tatu baada ya maziko ulilitoa chini ya mto wangu ukalifua. Ukalikunja vizuri sana. Nilikuwa nalala nalo. Lilikuwa bado lina harufu yake."

Mama Pasi alishika meza. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafua huku unalia, mwanangu. Ningesema nini?"

Mama Pasi alikaa juu ya robota la nguo za wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alilia kwa sauti. Alijua sasa alichomnyang'anya baba yake, na alijua kwamba hawezi kukirudisha. Binti alimkumbatia shingo. Mzee alinyoosha mkono akaupapasa mkono wake, akasema, "Basi, mama. Basi. Hukujua."

Alipomaliza kulia Mama Pasi alijifuta uso kwa shati la mteja, akagundua, akalitupa kwenye beseni. "Haya, dada," alisema. "Nifundishe tangu mwanzo. Bado siku kumi na moja."

"Ya kwanza ndiyo ngumu kwako," alisema Dada Funguo. "Usifue."

Kweli ilikuwa ngumu. Chakula kikimwagika, aliruhusiwa kupangusa kwa maji tu. Choo cha paka, lile beseni la mchanga, kilisafishwa kila siku kama kawaida, lakini kilihamishiwa mahali ambapo mbwa hafiki. Milango na miguu ya meza havikuguswa. Mama Pasi alipita karibu navyo akiwa ameuma midomo.

Stempu alibaki stoo, mlango umefungwa, na alitoka kwa mlango wa uani kwenda kutembea. Mzee alivitoa viatu chini ya kitanda mwenyewe. Alirudishiwa blanketi lake la kijivu alilalie, na baada ya siku tatu lilikuwa limeanza kunuka tena. Waliliweka hatua mbili kutoka kwenye sahani za paka. Mwajiri, aliyekuwa ameanza kushuka kula, alilikoromea na kurudi juu. Hawakumlazimisha. Jioni alishuka akala, jicho moja likiwa kwenye blanketi. Kila siku waliisogeza sahani kidogo, mpaka siku moja akala akiwa amekanyaga ukingo wake. Binti naye alimpangusa Mwajiri mashavuni kwa kitambaa, akampelekea Stempu. Stempu alikinusa mpaka akapiga chafya.

Kisha wakaanza kuwalisha pande mbili za mlango mmoja, mbwa ndani na paka nje. Mlango ulikuwa umefungwa, harufu ikipita chini yake. Walipoona wote wanakula bila wasiwasi, Mama Pasi akapata wazo. Alichukua kiunzi chake cha kuanikia soksi, soksi chache zikiwa bado juu yake, akakifunga kwa kamba katikati ya mlango wa stoo. Sasa waliweza kuonana bila kufikiana.

"Mwanzo dakika mbili tu," Dada Funguo aliwaonya. "Stempu awe ametoka kutembea, amechoka, na kamba iwe mkononi. Akimwona paka kisha akakugeukia wewe, mpe kipande cha nyama. Akikaza macho na mwili ukakakamaa, mwite na umwondoe. Msimpige. Mkimpiga, atajua kwamba paka akionekana kipigo kinakuja, na atamchukia. Na paka msimbebe. Mwacheni aje na aondoke mwenyewe."

Binti alitazama makovu ya mkono wake. "Hilo nimelielewa," alisema.

Mzee ndiye aliyekaa na kamba na mfuko wa nyama. Alimfundisha Stempu kukaa. Alizungumza naye kutwa, akimweleza habari za barua zilizopotea na majirani waliohama. Siku ya kumi na moja Kiroboto alipita mbio mbele ya kiunzi. Stempu alimrukia, kiunzi kikaanguka, soksi zikatapakaa. Mama Pasi alishika kichwa. Lakini hakuchukua ndoo. Walifunga mlango siku nzima, halafu wakaanza tena hatua moja nyuma.

Siku ya kumi na nne Dada Funguo alikuja na karatasi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, Stempu miguuni pake, kamba mkononi. Kiunzi kilikuwa kimeondolewa. Mwajiri alitoka chini ya meza ya pasi, akanyoosha mgongo, akapita katikati ya chumba kama mwenye nyumba. Alipita hatua tatu kutoka kwenye pua ya Stempu.

Stempu aliinua kichwa. Masikio yakasimama. Kisha Stempu akageuka, akamtazama mzee, akakaa.

"Nyama!" binti alinong'ona. "Babu, nyama!"

Mzee alitoa nyama. Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

"Hawajawa marafiki," alisema Dada Funguo. "Huenda wakachukua miezi. Msiwaache peke yao chumba kimoja kwa sasa, na mahali pa juu pa paka pabaki wazi daima. Lakini hii inatosha." Aliweka karatasi mezani. Mama Pasi ndiye aliyetia sahihi, haraka, kabla mtu hajamwambia wapi.

Miezi minne imepita sasa. Mzee na Stempu hufika kwenye kona ya barabara kila jioni, na siku nyingine huipita. Miguu ya mzee imepungua uvimbe. Daktari alimwuliza anatumia dawa gani, mzee akasema ina miguu minne na inanuka.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu alikuja kuchukua mashati yake. Alisimama mlangoni akavuta pumzi mara mbili.

"Mama Pasi, umeishiwa sabuni? Naona kama kuna kitu kinanuka mbwa."

Karibu na kiti cha mzee lilikuwa blanketi la kijivu. Stempu alikuwa amelala upande mmoja na Mwajiri upande wa pili, migongo ikigusana.

"Ni hilo blanketi," alisema Mama Pasi. "Zamu yake ya kufuliwa ni Jumamosi. Sifui vitu vyao vyote siku moja."

"Na hili nalo?" Mwalimu mkuu alikuwa ameliona sweta la bluu mgongoni mwa kiti. Mzee hulivaa mabegani kila jioni siku hizi. Lilikuwa limejaa manyoya ya paka, vumbi la barabara na matope ya Stempu. Mwalimu mkuu akalinyanyua kwa vidole viwili ili amsaidie Mama Pasi kulipeleka kwenye beseni.

Mama Pasi aliweka pasi chini. Alilichukua sweta mkononi mwake, akalirudisha mgongoni mwa kiti, polepole, bila kulikunja.

"Hilo halifuliwi," alisema.

Mzee alikuwa anafunga kamba za viatu. Alisikia. Alisimama bila kushikwa mkono, akavaa sweta lake mabegani, akamwita Stempu.